Kurekebisha kielekezi cha gari la sloti kifae njia ya mbao uliyochonga nyumbani: mwongozo kamili

Gari la sloti ni gari dogo la kuchezea la umeme, linaloongozwa na mfuo, yaani mfereji mwembamba uliochongwa katikati ya njia yake. Lile la kiwandani limeundwa kwa njia ya plastiki ya kiwanda hicho hicho. Upana wa mfuo, kina chake na kimo cha reli zake vyote vilipimwa pamoja na kile kipande kidogo kinachoning'inia chini ya pua ya gari. Lichukue gari hilo uliweke juu ya ubao wa MDF uliochongwa na fundi wa kando ya Ngong Road, Nairobi, wenye utepe wa shaba pande zote mbili za mfuo, na vile vipimo vya kiwandani havina kazi tena. Gari litachomoka kwenye kona ya kwanza, au litazima katikati ya mstari ulionyooka ilhali mota ni nzima kabisa. Wengi wakifika hapo hutafuta mota kali zaidi, na hiyo ni kuongeza mbio kwa gari lisiloshika njia. Anza na kielekezi. Ni kazi ya jioni moja au mbili, vifaa vyake ni vya bei ya chini, na tofauti utaiona kabla hujamaliza mzunguko wa kwanza.

Mwongozo huu ni wa magari ya kipimo cha 1:32, yale yenye urefu wa sentimita 14 hivi. Madogo ya 1:64 yana pini badala ya ulimi na hupokea umeme kwa namna nyingine, kwa hiyo hayamo humu.

Tukubaliane majina. Kielekezi ni kipande chote kinachozunguka chini ya pua. Ulimi ni ile sehemu bapa inayoingia ndani ya mfuo. Shina ni kile kijiti cha juu kinachopita kwenye tundu la chesisi. Misuko ni zile nyuzi laini za shaba zilizosukwa pamoja, moja kila upande wa ulimi, zinazogusa utepe na kupeleka umeme kwenye mota.

Kwa nini kwenye ubao kielekezi ndicho kila kitu

Kwenye njia ya plastiki reli ni za chuma, na magari mengi ya sasa yana sumaku chini ya tumbo. Sumaku hiyo hulivuta gari chini kwa nguvu kiasi kwamba kielekezi kibovu kinaweza kupita bila kujulikana. Shaba haivutwi na sumaku. Ukishahamia kwenye utepe wa shaba, sumaku inabaki kuwa mzigo tu, na kinacholishikilia gari ni uzito wake, mshiko wa tairi za nyuma, na ulimi wenye kina cha milimita chache. Scalextric, chapa maarufu ya magari ya sloti, ilipotokea Uingereza mwaka wa 1957 magari yake hayakuwa na sumaku. Hizo zilikuja miaka mingi baadaye. Kwa hiyo anayechonga njia ya mbao nyumbani anarudi kwenye mchezo ulivyokuwa mwanzo: nyuma ya gari inateleza, dereva anaachilia kidogo, na pua haibanduki. Ng'oa sumaku kabla ya kuanza kazi hii. Ukiiacha utakuwa unapima gari moja na kukimbiza jingine.

Vifaa

Kalipa ya dijitali (kifaa cha kupimia unene na kina) ya bei rahisi inatosha. Kama huna, nitaonyesha njia ya kupima kwa biti za drili. Tafuta msasa wa maji namba 400, 600 na 1000, kipande cha kioo kinene chenye ukingo ulionyooka, tupa ndogo, kisu chenye ncha kali, supaglu, kalamu ya wino mzito, na pasi ya kulehemu. Pasi, waya laini na utambi wa shaba wa kunyonyea risasi ya lehemu utavipata Luthuli Avenue, ambako duka moja likikosa la pili linacho. Ukitaka gari bovu la kutoa vipuri, pita Gikomba au Toi kwenye marundo ya vichezeo vya mtumba. Ukikuta gari la sloti limevunjika bodi, kielekezi chake mara nyingi bado ni kizima.

Jambo la mwisho kabla ya kuanza, na si dogo: mwombe fundi aliyechonga njia akuchongee kipande cha majaribio chenye urefu wa sentimita 30, kutoka ubao ule ule, kwa biti ile ile ya rauta, ile mashine ya kuchongea mfuo. Kibandike utepe wa shaba kama njia yenyewe. Hiki ndicho utakachokuwa nacho mezani wakati wote, badala ya kukimbia njiani kila ukikwangua kidogo.

Hatua ya 1: Ujue mfuo wako

Fundi atakuambia alichonga kwa biti ya milimita 3, na ni kweli. Lakini ubao si chuma. Biti ikitetemeka huacha 3.2 au zaidi. Rangi iliyodondokea ndani hubana. MDF iliyonyonya maji huvimba kingo, na kwa Nairobi, mvua za Machi hadi Mei zikipita juu ya njia iliyohifadhiwa kwenye veranda, mfuo uliopitika vizuri Februari unaweza kukwama Aprili.

Geuza biti ya drili ya milimita 3.0 juu chini, ule upande laini uingie kwenye mfuo, kisha uiburute polepole njia nzima. Fanya hivyo tena kwa 3.2, kisha 3.5. Pale 3.0 inapokwama, weka alama kwa chaki. Pale 3.5 inapoingia bila kusita, weka alama nyingine. Sasa una ramani.

Hapa kuna uamuzi ambao watu hukosea. Kama njia nzima ni 3.1 na kuna sehemu moja ya sentimita kumi yenye 2.8, usikondeshe ndimi za magari yako yote kwa ajili ya sehemu hiyo moja. Rekebisha njia. Kunja msasa juu ya kadi ngumu, sugua kingo za ndani, pangusa vumbi, kisha upake sila ya mbao ili unyevu usirudi. Ulimi hupimwa kwa mfuo wa kawaida wa njia.

Kina kipime kwa mkia wa kalipa au kwa kijiti cha meno kilichotiwa alama. Njia za mbao kwa kawaida huchongwa milimita 6 hadi 9. Pima mahali pengi, na hasa pale njia inapoanza kupanda mlima au daraja. Kielekezi kiko mbele ya ekseli, kwa hiyo gari likifika mwanzo wa mwinuko, njia inaupandia ulimi kabla magurudumu hayajapanda, na ulimi unazama zaidi ya ulivyozama kwenye tambarare. Hapo ndipo ncha yake hugonga sakafu ya mfuo na kuinua misuko kutoka kwenye shaba. Gari likizima mwanzoni mwa daraja kila mzunguko, usilaumu umeme kwanza.

Hatua ya 2: Unene wa ulimi

Lenga ulimi uwe mwembamba kuliko mfuo kwa milimita 0.3 hadi 0.4 kwa jumla. Mfuo wa 3.1 unataka ulimi wa 2.7 au 2.8. Ukizidisha nafasi hiyo pua itacheza kushoto na kulia kwenye mstari ulionyooka, na kila mchezo mdogo ni cheche kwenye misuko. Ukiibana, gari litapunguza mwendo lenyewe kwenye kona kama lililokanyagiwa breki.

Kusugua ulimi kunaonekana rahisi na ndiko kunakoharibu vielekezi vingi. Kile kisahani cha juu kinachobeba misuko ni kipana kuliko ulimi, kwa hiyo ukiulaza ulimi juu ya msasa katikati ya kioo, kisahani kinagonga kioo na ulimi unainama. Unachopata ni kabari: mwembamba chini, mnene juu, na kalipa ikipima ncha inakudanganya. Dawa yake ni ukingo. Weka msasa namba 400 juu ya kioo ukiwa sawasawa na ukingo wake, uloweshe maji, kisha ulaze ulimi juu ya msasa huku kisahani kikining'inia nje ya ukingo. Sasa ulimi wote, hadi pale unapoungana na kisahani, umelala bapa. Bonyeza kwa kidole kimoja katikati, si kwenye ncha, na usukume kuelekea upande mmoja tu. Maji yatageuka meusi mara moja. Hesabu misuguo, geuza, na upe upande wa pili idadi ile ile, la sivyo ulimi utahama kutoka katikati na msuko mmoja utakuwa mbali na mfuo kuliko mwenzake.

Pima mahali sita: mbele, katikati na nyuma, juu na chini. Ukibakisha milimita 0.05 kufikia lengo, hamia 600, kisha 1000 kwa kung'arisha. Usipake risasi ya penseli ili uteleze. Grafiti hupitisha umeme, na vumbi lake likijaa mfuoni kati ya tepe mbili unajitafutia shida.

Hatua ya 3: Urefu wa ulimi na kona zako

Ulimi mrefu hutulia kwenye mstari ulionyooka, lakini ni mnyoofu, na kona ni pinde. Kwenye kona, katikati ya ulimi husukumwa upande mmoja wa mfuo na ncha zake upande mwingine. Nafasi inayoliwa na pinde hiyo inajulikana kwa hesabu: zidisha urefu wa ulimi kwa wenyewe, kisha ugawe kwa mara nane ya nusu kipenyo cha kona, vyote kwa milimita.

Ulimi wa milimita 20 kwenye kona yenye nusu kipenyo cha milimita 300 unakula 0.17. Hiyo unaisamehe. Kwenye kona ya 200 unakula 0.25. Kwenye kona ya 150, ambayo ndiyo kona ya mtu aliyejenga njia juu ya meza ya chumba kimoja, unakula 0.33. Jumlisha na unene: 2.75 na 0.33 ni 3.08, na mfuo wako ni 3.1. Umebakisha nafasi ya unywele. Ukiufupisha ulimi huo hadi milimita 16, unakula 0.21 tu, na gari linapumua.

Kwa hiyo fanya hesabu kwa kona yako kali kuliko zote, halafu uamue kama utakondesha au utafupisha. Mimi hufupisha. Ulimi mnene na mfupi hudumu, hauvunjiki gari likigonga ukuta, na haupigi kelele mfuoni. Kata nyuma, si mbele. Ncha ya mbele ikiwa mbali na ekseli, gari lina usukani bora.

Baada ya kukata, viringisha ncha zote mbili kwa tupa, ukitazamwa kutoka chini ufanane na ngalawa: umechongoka kidogo mbele na nyuma, bapa katikati. Kisha ondoa pembe ya chini ya mbele kwa mshazari wa milimita moja. Pembe hiyo ndiyo hukamata kwenye viungo vya mbao mbili zisizolingana, na njia ya nyumbani haikosi kiungo cha namna hiyo.

Hatua ya 4: Kina

Acha angalau milimita moja kati ya ncha ya ulimi na sakafu ya mfuo, kwa kipimo cha pale mwanzo wa mwinuko. Vumbi la Nairobi la Januari na Februari lina tabia ya kujikusanya chini ya mfuo na kuifuta nusu ya nafasi hiyo usipofagia. Ulimi ukizidi, ukate kwa kisu kwa kupitisha mara nyingi kwa wepesi, kisha umalizie kwa msasa. Vielekezi vya Carrera, chapa nyingine ya magari ya sloti, kwa kawaida ni virefu kwenda chini kuliko vya Scalextric, kwa hiyo mwenye njia ya mfuo wa kina kifupi ndiye atakayekata zaidi.

Shida ya upande wa pili ni ngumu zaidi: mfuo wa milimita 8 na ulimi wa 5. Gari linakimbia, lakini ukifungua kontrola (kile kidhibiti mwendo cha mkononi) ghafla baada ya kona pua inainuka na ulimi mfupi unatoka. Slot.it na NSR za Italia hutengeneza vielekezi vya njia ya mbao vyenye ulimi wa kina, na kama una mtu anayesafiri, mwagizie. Ni kitu kidogo kinachoingia kwenye bahasha. Kama huna, ulimi unaweza kurefushwa kwa ile kadi ya plastiki inayobaki ukishabandua laini ya simu. Kila nyumba inayo, na unene wake ni milimita 0.76.

Sugua ulimi wa zamani hadi ubaki milimita 1.5. Kata vipande viwili vya kadi vyenye umbo la ulimi mpya, kwa kina unachotaka, na uvibandike kila upande kama mkate unaofunika nyama. Chini ya ulimi wa zamani patabaki pengo la 1.5; lijaze kwa vipande viwili vya kadi vilivyogandishwa pamoja, ambavyo ni 1.52. Jumla yake inakuwa milimita 3 na ushee, kisha unaishusha hadi 2.75 kwa msasa kama hatua ya 2. Shida moja: vielekezi vingi ni vya nailoni au plastiki nyingine inayoteleza ambayo supaglu haiishiki vizuri. Kwaruza kwanza kwa msasa mkali, gandisha, halafu toboa tundu mbili za milimita moja kupita tabaka zote na upitishe kipande cha waya wa klipu ya karatasi, ukikate na kukisugua hadi kiwe sawa na ubavu. Gundi ikiachia, pini inashikilia.

Hatua ya 5: Shina

Shika gari kwa mkono mmoja na kielekezi kwa vidole viwili. Kisukume juu na chini, kisha kushoto na kulia bila kukizungusha. Kinachochezea huku na huko kitaufuata mfuo kwa pembe isiyo sahihi hata kama ulimi umeuchonga kwa ustadi.

Tundu la chesisi likiwa kubwa kuliko shina, dondosha tone dogo la supaglu kwenye ukuta wa tundu kwa ncha ya sindano, liache likauke kabisa usiku kucha, halafu ulizibue kwa biti inayolingana na shina, ukiizungusha kwa vidole, si kwa mashine. Mchezo wa juu na chini unaondolewa kwa washa (pete bapa) nyembamba juu ya chesisi, chini ya kichwa cha skrubu au kishikio. Kiache kizunguke bila kusugua. Magari yenye kielekezi cha kubonyeza hayana skrubu, na hapo unafanya kazi na kilichopo: tone la gundi kwenye tundu na uvumilivu.

Kielekezi kigeuke angalau nyuzi 45 kila upande bila kugonga bodi, waya wala bampa. Nyuma ya gari inapoteleza, kielekezi hubaki kimenyooka na mfuo huku gari likikaa mshazari. Kikifika mwisho wa mzunguko wake mapema, gari lenyewe linakuwa wenzo wa kukichomoa.

Hatua ya 6: Kimo cha pua

Ukinibana niseme hatua moja ya kufanya kama huna muda wa nyingine, ningetaja hii.

Reli za plastiki na utepe wa shaba havikai kimo kimoja. Utepe una unene wa sehemu ya milimita tu juu ya ubao, na msuko lazima uufikie bila kulibeba gari. Weka gari kwenye kipande cha majaribio. Pitisha ukanda wa karatasi ya kawaida ya printa, ambayo ina unene wa takriban milimita 0.1, chini ya tairi za mbele. Karatasi itoke ukiivuta, ikikataa kidogo. Ikipita bila kugusa, pua imebebwa na misuko, na ulimi umepoteza kina ulichokihangaikia. Ikikwama kabisa, tairi za mbele zinabeba gari na misuko inaelea juu ya shaba. Hilo ndilo gari linalokimbia kwa kukatika katika.

Ili kushusha kielekezi, weka washa kati ya kisahani na chesisi. Kadi ile ya laini hutoa washa za 0.76, ukizisugua unapata 0.5 na 0.25. Zitoboe kwanza ndipo uzikate duara, maana ukikata kwanza huna pa kushika. Ili kupandisha, ondoa washa, au sugua mgongo wa kisahani. Baadhi ya magari yana tairi kubwa za mbele zinazoendelea kulibeba gari hata kielekezi kikishushwa hadi mwisho; hizo zisugue zenyewe, ukizungusha ekseli juu ya msasa kwa mkono.

Hatua ya 7: Waya na misuko

Waya mgumu hurudisha kielekezi mahali kisipotaka. Inua gari, geuza kielekezi kwa kidole, kiachilie. Kikibaki pale ulipokiacha au kikarudi katikati taratibu, ni sawa. Kikiruka kurudi, au kikipendelea upande mmoja, badilisha waya kwa ule wenye nyuzi nyingi nyembamba na ganda la silikoni, kama wa betri za droni na magari ya rimoti yaliyokufa. Uache na mlegeo wa kutosha kielekezi kigeuke pande zote, lakini usiache kitanzi kinachoning'inia hadi chini.

Misuko iliyokuja na gari mara nyingi ni minene na ina springi. Kwenye sumaku hilo halikudhuru. Bila sumaku, misuko miwili yenye springi inatosha kuinua pua ya gari jepesi. Ilaze kwa kuibonyeza kwa ubapa wa kisu kuanzia mbele kwenda nyuma, hadi ilale karibu sambamba na kisahani. Ikigoma, weka utambi wa kunyonyea lehemu, wa upana wa milimita 2.5 au 3. Ni laini sana na hupitisha umeme vizuri, ila huja umepakwa dawa ya kulehemu inayonata. Uloweshe kwenye spiriti ya duka la dawa na uufinye mara kadhaa hadi ulegee. Huisha haraka kuliko msuko wa kiwandani, na hilo si neno, roli moja ni misuko mingi.

Mkia wa msuko usipite mwisho wa ulimi. Ncha zake zifumue kwa sindano milimita mbili hivi, ziwe kama brashi. Kisha uangalie mbele ya kielekezi, pale misuko miwili inapokaribiana: uzi mmoja uliokengeuka ukigusa upande wa pili ni shoti. Ndiyo maana chanzo changu cha volti 12 hakikosi fyuzi, na ukitumia betri ya pikipiki siku stima ikipotea, fyuzi ni lazima zaidi, kwa sababu betri haina huruma na shoti.

Hatua ya 8: Acha wino ukuambie

Paka ulimi wote wino mzito, pande zote na chini. Uache ukauke. Sukuma gari kwa mkono mzunguko mzima, polepole, kisha upindue gari chini ya taa.

Wino uliofutika kwenye ncha za mbele na nyuma za upande mmoja, na katikati ya upande wa pili, maana yake ulimi ni mrefu kwa kona zako. Rudi hatua ya 3. Uliofutika sehemu ya juu peke yake, karibu na kisahani, ni kabari uliyoiacha ukisugua. Uliofutika chini ni ulimi unaogonga sakafu, na ukitaka kujua wapi, paka tena na usukume sehemu moja moja. Uliofutika upande wa kushoto tu kuanzia mwanzo hadi mwisho unaonyesha shina lililoinama au njia inayozunguka upande mmoja zaidi. Ligeuze gari lizunguke kinyume ndipo uamue. Kielekezi kilichokaa sawa hufutika kidogo kidogo pande zote mbili na hubaki na wino chini.

Baada ya hapo weka umeme, anza na mwendo mdogo, na uzime taa ya chumba. Cheche mbili tatu kwenye viungo ni kawaida. Cheche za mfululizo kwenye mstari ulionyooka ni misuko isiyolala.

Hatua ya 9: Uzito

Kama yote haya yamekaa na pua bado inainuka ukifungua kontrola, ongeza uzito kidogo wa madini ya risasi nyuma tu ya kielekezi, juu ya sakafu ya chesisi. Vile vibandiko vya kubalansi magurudumu kwenye karakana za tairi vinafaa, na fundi wa Kirinyaga Road akiona unataka vilivyotumika huenda hata asikutoze. Kata vipande vidogo vya gramu moja au mbili, jaribu, ongeza. Vingi mno hulemea mbele na nyuma itazidi kuteleza. Nawa mikono baada ya kushika risasi, na usiwaachie watoto kazi hii.

Kuitunza kazi

Futa utepe kwa kifutio cha penseli shaba ikianza kuwa nyeusi, kisha pangusa kwa kitambaa chenye spiriti. Usitumie waya wa chuma wa kusugulia sufuria hata kidogo: vipande vyake vidogo huvutwa na sumaku za mota na kuingia ndani. Misuko ichane kwa sindano kila ukimaliza kucheza, na uitupe inapoonyesha plastiki chini yake.

Kielekezi cha asili kihifadhi kwenye mfuko mdogo ulioandikwa jina la gari, pamoja na sumaku yake na washa ulizoondoa. Ukialikwa kwa rafiki mwenye njia ya plastiki, ulimi uliourefusha kwa mfuo wa milimita 8 utagonga sakafu ya njia yake, na washa zako zitalibeba gari juu ya reli. Rudisha cha asili kabla hujatoka nyumbani, maana kwake huenda hakuna bisibisi ndogo.